Barua Iliyoshonwa kwa Uzi wa Bluu

Jumapili ile Mhoja alipanda feri ya kwenda Kamanga, ng'ambo ya ziwa, akiwa amekumbatia hotpoti yenye chakula cha mtu mmoja. Ndani mlikuwa na wali wa mchele wa kwao Magu, sato wa kukaanga aliyepasuliwa vipande viwili, na ndimu iliyofungwa peke yake kwenye nailoni ili isiloweshe wali. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kupika, na yeye mwenyewe hakuonja hata punje. Moyo ukishiba, tumbo hulisikii.

"Mwone mwenzetu," Queen, mwenzake wa kazini, alisema akimwonyesha kwa kidevu. "Sisi tunakwenda kutembea, yeye anakwenda kumwona mgonjwa wodini."

"Mwache," Odeta akamjibu. "Mgonjwa mwenyewe dawa yake ndiyo hiyo hotpoti."

"Basi asimzidishie dozi, shoga. Harusi bado!"

Mhoja aliinamisha uso, akacheka bila sauti. Ndivyo alivyokuwa. Mbele ya watu alicheka kwa mabega tu, na maneno aliyapima kabla ya kuyatoa, hasa yale yenye herufi mbili zilizomtesa tangu utotoni. Palipotakiwa "la", ulimi wake uliweka "ra". Alipofika mjini wateja walimcheka, naye akajifunza kunyamaza. Sindano haina ra wala la, alizoea kujiambia. Pengine ndiyo maana aliipenda kazi yake.

Wote watatu walifanya kazi kwenye duka moja la ushonaji pale Pasiansi. Queen alikata vitambaa, Odeta alikaa kwenye cherehani, na Mhoja, mdogo wao, alimalizia kwa mkono: vifungo, pindo, shanga za magauni ya harusi. Na kila Alhamisi saa tatu usiku walijibanza mbele ya runinga ya Odeta kuangalia tamthilia yao, *Nyumba ya Kamanga*. Walimjua kila mtu aliyekuwamo kama wanavyowajua majirani. Walipigana hata vijembe juu ya nani amwoe nani. Kwa hiyo Queen aliposikia kwamba wapenzi wa tamthilia wanaruhusiwa kuitembelea nyumba yenyewe Jumapili ambazo hakuna kazi, aliandikisha majina matatu siku hiyohiyo.

Lakini kwa Mhoja nyumba ile ilikuwa na jambo la zaidi. Faisal alifanya kazi pale.

Walijuana miezi minane iliyopita, alipoleta dukani mashati ya waigizaji yaliyochanika. Alisimama mbele ya meza ya Mhoja akamtazama anavyopitisha uzi kwenye tundu la sindano kwa mara moja tu, bila kulamba, bila kukosa. "Dada," akasema, "na mimi kuna mahali nimechanika." Queen aliguna kwa sauti. Mhoja aliinua macho akakutana na ya yule kijana, na macho yale hayakuwa na mzaha hata kidogo. Yalikuwa yanangoja. Tangu siku ile hakuna kifungo alichokishona asimuwaze.

Sasa mambo yalikuwa yamefika mbali. Jumamosi inayokuja washenga wa kina Faisal wangekwenda Magu kupeleka barua ya posa. Haikuwa rahisi. Mama yake Faisal, Bi Mwanabaraka, alikuwa amesema wazi kwamba hakumsomesha mwanawe ili aje aoe msichana wa darasa la tano, tena wa dini nyingine. Na kule Magu, Mzee Luhaga alikaa kimya wiki tatu nzima kabla ya kumjibu binti yake.

"Siogopi dini yao," alimwambia mwishowe. "Mungu anawajua wote. Naogopa watakucheka. Mtu anayekucheka hawezi kukuhifadhi."

"Faisal hawezi kunicheka, baba."

"Haya. Waache warete barua. Rakini siku wakikucheka, mwanangu, usingoje mara ya pili."

Basi neno la ndiyo la mzee yule, ambalo halikutoka kirahisi, Mhoja alikuwa amelibeba pamoja na ile hotpoti. Faisal hakujua kwamba anakuja. Kila alipomwomba ampeleke akaione nyumba, jibu lilikuwa lilelile: "Wageni hawaruhusiwi, mpenzi. Unataka nifukuzwe kazi?" Leo angemshtukiza. Angemwona anavyofurahi.

*

Nyumba ilikuwa juu kidogo ya gati, imeegemea mawe makubwa kama mtu aliyechoka. Nje ya runinga ilikuwa ndogo kuliko walivyoizoea. Wageni wengine kama kumi walikuwa wameshafika, wanapigana picha ukutani.

Aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Shikamoo mama," wakasema wote watatu.

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mimi Mama Paskazia, ndiye mtunzaji wa nyumba. Viatu mvae, vitu msiguse, na anayetaka kuzimia kama yule bibi wa kwenye tamthilia, azimie kwenye kochi, siyo kwenye zulia langu."

Walicheka. Akawapitisha sebuleni, akawaonyesha ngazi ambayo mapacha waligombania urithi, na dirisha ambalo mama mkwe alisikiliza siri za watu msimu mzima. Queen alipiga kelele kila mlango ulipofunguliwa.

"Jamani kochi! Odeta, kochi lenyewe! Nipige picha nikilia."

"Lia basi."

"Ngoja nimkumbuke yule mwanaume wangu wa Nyakato. Haya, piga, machozi yanakuja."

Mhoja alikuwa akitazama kila kona akimtafuta mtu mmoja. Hatimaye akajikaza, akapima maneno, akauliza, "Mama, Faisal yupo leo?"

"Faisal msaidizi wa mwongozaji? Yupo, kashuka gatini kupokea vifaa. Atapanda sasa hivi." Mama Paskazia akaitazama ile hotpoti, akatabasamu. "Ndugu yako?"

"Ndiyo," Mhoja akasema, uso ukimwaka moto.

"Kijana ana bahati yule. Miaka miwili alikuwa anabeba taa. Njooni niwaonyeshe kilichompandisha cheo. Hiki hakijaonyeshwa bado, ni cha Alhamisi ijayo, kwa hiyo msinichomee utambi."

Aliwaingiza katika chumba kidogo cha uani. Kitanda cha futi mbili na nusu, kanga ukutani, ndoo. Katika msimu mpya, akaeleza, kutakuwa na mfanyakazi wa ndani anaitwa Kabula, msichana wa shamba, anayempenda mtoto wa tajiri. Anamwandikia barua. Wenye nyumba wanaikamata na kuisoma mezani, na familia nzima inavunjika mbavu.

"Yaani hiyo barua!" Mama Paskazia alifuta macho tayari. "Sisi wenyewe hatukuweza kufanya kazi siku ile. Haya, nani anajua kusoma kwa madaha?"

"Mimi!" Queen akanyoosha mkono, akampa Odeta simu amrekodi.

Alipewa karatasi. Akapanda juu ya kigoda, akakohoa kama mwenyekiti wa kijiji, akaanza kwa lafudhi nzito ya Kisukuma.

"'Mpenzi wangu. Saramu nyingi kama mchanga wa ziwani. Mimi ni mzima ira usiku sirari...'"

Chumba kikalipuka. Mhoja naye alicheka. Alicheka kwa mabega kama kawaida yake, maana Queen alikuwa amebinua midomo, na kwa pumzi moja hivi masikio yake hayakuwa yameuambia moyo.

"'Nikirara nakuota, nikiamka nauuriza mto wewe uko wapi. Mama yako akisema mimi sikusoma usimjibu vibaya, ni kweri, niriishia darasa ra tano.' Jamani nakufa! Ngojeni. 'Rakini moyo wangu haukuacha shure. Bado unakusoma wewe kira siku.'"

Kaka mmoja aliyevaa kofia alikuwa ameegemea ukuta, anapiga paja. Mabega ya Mhoja yalikuwa yamesimama.

"'Nakupenda,'" Queen akaweka mkono kifuani, akafumba macho, "'nakupenda kuriko chakura!'"

"Kuriko chakura!" watu wakapokea kama kiitikio. "Eti kuriko chakura!"

Mhoja alimwona Odeta akishusha simu. Odeta hakuwa akicheka tena. Alikuwa anaitazama ile karatasi mkononi mwa Queen.

Ilikuwa ya daftari la hesabu, lenye vijumba vidogo vidogo. Zilikuwa karatasi mbili, na hazikubanwa kwa pini kama barua za watu wengine. Zilishonwa pembeni kwa uzi wa bluu, mishono saba midogo inayolingana kama meno ya mtoto. Odeta aliujua uzi ule. Ni yeye aliyeutoa, siku ile jioni dukani, Mhoja alipomwambia, "Dada nipe uzi wa bruu kidogo, kuna kitu changu nakimarizia."

"Queen," Odeta akasema. "Shuka."

"Bado jina. Imeandikwa, 'Wako Kabula...'"

"Queen, shuka hapo!"

Queen akashuka. Akamtazama Odeta, akafuata macho yake, akamkuta Mhoja amesimama mlangoni, ameikumbatia hotpoti kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Rangi ilikuwa imemtoka usoni.

Alinyoosha mkono, Queen akampa. Chini, pale alipokuwa ameandika jina lake, karatasi ilikatwa kwa mkasi na kubandikwa kipande kingine. Mkasi haukuwa mkali. Aliyekata hakuwa fundi.

"Mama," aliuliza taratibu, "hii nani ariireta?"

Safari hii hakuyapima maneno.

Mama Paskazia alikuwa bado anatabasamu, hajaelewa. "Si huyohuyo Faisal wako! Mwandishi wetu Chenge alikuwa amekwama. Kaandika barua ya Kabula mara sita, hata paka hacheki. Faisal akasema, 'Mimi ninayo moja.' Akaitoa kwenye pochi, akasimama hapo barazani, akatusomea mwenyewe. Mkono kifuani, hivi hivi kama alivyofanya dada. Mwongozaji alicheka mpaka akaanguka na kiti. Kesho yake..." Alikuwa ameitazama karatasi, kisha vidole vya Mhoja, kisha ncha ya uzi wa bluu iliyonasa kwenye pindo la gauni alilojishonea. "Yesu wangu," akasema.

*

Nakupenda kuliko chakula. Nje ya nyumba ya baba yake Mhoja, ni mtu mmoja tu duniani aliyejua maana ya maneno yale.

Alimweleza Faisal wakiwa wamekaa juu ya mawe ya Pasiansi. Ulikuwa mwaka wa ukame, mpunga uliungulia shambani na watu wa Magu walichimba mizizi. Jioni mama yake, Justa, alisonga ugali wa konzi moja, akawagawia watoto, na alipoulizwa akasema, "Mimi nimeshakula kwa jirani." Alikula kwa jirani mwezi mzima. Mvua ilipokuja, homa kidogo tu ilimchukua. Mhoja akaacha shule ili awapikie wadogo zake. Na baba yao, siku ya arobaini, aliwaambia sentensi moja tu juu ya marehemu: "Mama yenu ariwapenda kuriko chakura."

Faisal alipoisikia habari ile alilia. Aliegemeza paji la uso wake kwenye mkono wa Mhoja, akalia, akasema, "Hakuna mtu amewahi kunipa kitu kama hiki." Ndipo Mhoja alipoandika barua, siku nne, akiazima kalamu, na mwishoni akayaweka yale maneno. Alidhani anayaweka mahali salama.

*

Faisal alipanda ngazi mbili mbili, begi la nyaya begani, kalamu nyuma ya sikio. Alikuwa mzuri kama siku zote. Hilo ndilo lililomuuma Mhoja zaidi, kwamba macho yake yalimpokea kabla hajayakataza.

"Mhoja?" Uso wa Faisal uling'aa, kisha akaiona karatasi, ukazima. "Umekuja kufanya nini huku?"

"Nimekuretea chakura."

Kaka mwenye kofia akaguna kicheko. Queen akamgeukia. "Wewe, cheka tena nikutoe meno."

Mhoja alitoka nje, akapita nyuma ya nyumba, akasimama kwenye jiwe linalotazama ziwa. Alijua Faisal atamfuata. Akamfuata.

"Iritokaje kwako?" akamuuliza bila kugeuka.

"Nini?"

"Barua."

"Mpenzi, nisikilize. Chenge ni mtu mbaya. Aliichomoa kwenye begi langu bila mimi kujua. Nilipokuja kushtuka, tayari—"

"Chenge ndiye ariyesimama barazani? Chenge ndiye ariyeweka mkono kifuani?"

Chini yao mawimbi madogo yalikuwa yanapiga mawe.

Hata uongo alikuwa nao tayari, Mhoja aliwaza. Kumbe mtu anaweza kukusaliti mara mbili katika pumzi moja.

"Miaka miwili nilibeba taa, Mhoja," Faisal akasema hatimaye, sauti imeshuka. "Hakuna aliyejua jina langu. 'Wewe wa taa, sogea. Wewe wa taa, zima.' Siku ile wote walikuwa wamenuna. Nikafikiri nitawasomea mistari miwili tu. Walipoanza kucheka, sikuweza tena kuacha. Ilikuwa mara ya kwanza wananitazama."

"Na wewe uricheka?"

"Wote walicheka."

"Sikuurizi wote."

Alijikuna shingo. "Nilicheka."

"Na urijua maana yake."

"Wao hawakujua. Wangejua wasingecheka."

"Ndiyo maana hukuwaambia."

Neno lile lilimpata. Alimsogelea, akataka kumshika mkono, Mhoja akauhamishia kwenye hotpoti. "Jina lako halimo," akasema haraka haraka. "Nililikata mimi mwenyewe. Nilikulinda. Hakuna atakayejua ni wewe."

"Urikata jina rangu, Faisal. Ukaacha moyo."

"Nitawaomba waitoe."

"Imesharekodiwa?"

Faisal aliitikia kwa kichwa.

"Baba yangu anakwenda kuangaria kwa jirani kira Arhamisi," Mhoja akasema. "Tangu arivyokubari. Anakaa mpaka mwisho kabisa, majina yanapopita, aone ra kwako. Ameshawaambia watu wa kijiji chote, mkwe wangu yumo humu ndani." Machozi yalikuwa yanashuka sasa, hakuyafuta. "Arhamisi hii atamsikia mke wake anachekwa."

Faisal alikaa chini kwenye jiwe. Kisha aliingiza mkono mfukoni akatoa bahasha nyeupe.

"Nimekosa. Sina pa kujificha. Lakini nakupenda, hilo siyo la kuigiza. Angalia, hii hapa, barua ya posa. Mama ameshakubali. Nilimbembeleza miezi mitatu. Jumamosi washenga wanakuja kwenu. Isome, Mhoja. Uone ninavyokuheshimu."

Aliweka hotpoti chini, akaichukua. Ilipigwa kwa kompyuta, pembeni ina maua ya rangi ya dhahabu. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. *Kijana wetu amepita penye bustani yenu, akaona ua lililochanua, nasi kwa heshima na taadhima tunabisha hodi...* Hakuna herufi iliyokosewa. Hakuna herufi iliyopotea njia.

Na kwa nusu dakika, lazima isemwe, moyo wake uliyumba. Alijiona amekaa nyuma ya pazia pale kwao Magu, washenga wanapiga hodi, wadogo zake wanachungulia. Mtu hukosa akasamehewa. Nani asiyekosa? Aliitazama shingo ya Faisal iliyoinama, mahali ambapo nywele zinaishia, mahali alipopapenda. Kisha akarudi kwenye barua. Ile sauti ya kwenye barua hakuijua.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Umeiandika wewe?"

Faisal alitazama ziwa.

"Faisal."

"Chenge alinisaidia kidogo. Yeye ana maneno. Mimi unanijua, sijui kupanga..."

"Yangu niriiandika mwenyewe," Mhoja akasema. "Siku nne."

Akanyoosha mkono, akachomoa kalamu nyuma ya sikio la Faisal. Mhoja akageuza ile barua ya posa upande wa nyuma, akapiga goti, akaitandaza juu ya jiwe.

Alitafuta neno. *Sitaki kuolewa na wewe.* Hapana, kuolewa lina ile herufi, angekosea. *Nakurudishia barua yako.* Hata hilo lina mtego. *Sitakusamehe*, hilo lingeandikika vizuri, lakini hakujua kama ni kweli, naye hakuwahi kuandika asilolijua. Alitafuta neno lisilo na ra wala la, neno ambalo hakuna mtu barazani angeweza kulipandia kigoda. Akalipata. Akaliandika kwa herufi za duara, alizofundishwa kabla ya njaa.

*Hapana.*

Akaikunja palepale ilipokunjwa mwanzo, akaitia kwenye bahasha.

"Mpe Chenge aisome," akasema. "Aone kama inachekesha."

"Mhoja. Mhoja wangu, usinifanyie hivi!"

Aliokota hotpoti. Langoni Mama Paskazia alikuwa anamngoja, macho mekundu. Akaitazama ile karatasi ya vijumba iliyokuwa bado mkononi mwa Mhoja.

"Hiyo imeandikwa kwenye orodha ya vifaa," akasema polepole. "Wanaihitaji Jumatatu kurudia kipande."

"Ni yangu, mama."

"Najua." Akamsogezea lango. "Nenda nayo, binti yangu. Wakiuliza nitasema panya. Nyumba hii ina panya wengi, mmoja namfahamu kwa jina."

*

Feri ilikuwa imeshaacha gati. Queen alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye nguzo, wanja umemchuruzika hadi kwenye mashavu. Alikuwa ameifuta ile video mara mbili. Kwanza kwenye picha, halafu kwenye vitu vilivyofutwa, halafu akampa Odeta simu ahakikishe.

"Sikujua, mdogo wangu. Naapa kwa kaburi la bibi. Kama ningejua ni wewe..."

"Angekuwa mwingine ungeendelea?" Odeta akamuuliza.

Queen akajifunika uso kwa ushungi.

Mhoja alikuwa amesimama kwenye chuma cha pembeni. Mkononi simu ilikuwa inaita. Ikapokewa, na nyuma ya sauti ng'ombe walikuwa wanalia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mbona mchana? Kuna nini?"

"Baba, ware wageni wa Jumamosi hawatakuja."

"Wamekataa?"

"Mimi ndiye nimekataa."

Mhoja alimwona baba yake, kana kwamba yuko mbele yake, anavyoivua kofia na kuigeuza geuza mkononi. Mbuzi alikuwa ameshafungwa. Majirani walikuwa wameshaalikwa. Neno la ndiyo, lile lililomchukua wiki tatu, lilikuwa limerudi kwake bila kitu.

"Baba, kuna jambo Arhamisi kwenye TV. Usiende kuangaria. Nitakuja kukuereza mwenyewe."

"Wamekucheka?" akauliza.

Mhoja akatikisa kichwa juu na chini, akasahau kwamba simu haioni. Lakini mzee alielewa, maana hakuuliza tena. Alipumua kwa muda mrefu, kisha akasema kwa ile sauti yake ya siku zote, ya mtu anayeita watoto waje ndani.

"Umekura?"

"Bado, baba."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Basi kura, mama. Kura kwanza. Hayo mengine nitawaambia watu mimi."

Simu ikakatika. Mhoja akaketi sakafuni katikati ya wenzake, akaweka ile barua ya uzi wa bluu chini ya paja ili upepo usiichukue, akafungua hotpoti. Mvuke ukampanda usoni. Wali ulikuwa bado na moto. Odeta akafungua nailoni, akakamua ndimu bila kuulizwa. Queen akanyoosha mkono, akasita, akaurudisha.

"Kura, dada," Mhoja akamwambia.

Kisha naye akamega kipande cha samaki, kile kikubwa alichokuwa amemwekea mtu mwingine, akatia mdomoni. Machozi yalikuwa yanashuka, naye anatafuna, anameza, anamega tena. Kumbe alikuwa na njaa kweli.